Vipono wa rangi katika tangi la matumbawe: uliza kwanza wanalala wapi

Mtu akizama usingizini mpaka hasikii kengele wala jogoo, tunasema amelala kama pono. Ndugu wadogo wa pono, wale samaki wa rangi wa jamii ya Labridae wanaoenea kiganjani, wana usingizi huohuo. Jua likizama wanapotea wote: mwingine amejifukia mchangani, mwingine amejibana kwenye upenyo wa jiwe na kujizungushia utando wa ute. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuwafuga sebuleni pamoja na matumbawe, usingizi huo unaamua mambo mengi kuliko rangi au bei. Ndio unaokuambia uweke mchanga gani, mawe uyapange vipi, na nani aingie kabla ya nani. Humu nitawaita vipono, na nitaanzia hapo kwenye kulala.

Hatua ya 1: Chagua kwenye karatasi kabla ya kwenda kununua

Wanaolala mchangani ni wa jenasi Halichoeres, Macropharyngodon, Coris na Anampses. Wanaolala kwenye mawe ni Cirrhilabrus, Paracheilinus na Pseudocheilinus. Andika majina hayo kwenye simu yako, maana kila muuzaji ana jina lake la mtaani, na samaki wawili wasiofanana hata kidogo wanaweza kuuzwa kwa jina moja.

Kwa anayeanza, ningemshauri Halichoeres iridis. Ni mwenyeji wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani maji yetu haya. Kichwa cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kijani na buluu, mwili wa damu ya mzee, na urefu usiofika sentimita 12. Hana ugomvi, na anakula vizuri akishazoea. Wa pili ni Cirrhilabrus exquisitus, anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki mpaka Pasifiki, mwenye doa jeusi kwenye shina la mkia. Huyu ni wa katikati ya maji, anapenda mkondo, na dume wake akitaka kujionyesha ni burudani tosha. Wa tatu ni Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita ya chungwa juu ya mwili wa zambarau. Mara nyingi hazidi sentimita 7 au 8, lakini kwa ujeuri anawashinda samaki waliomzidi umbo mara mbili. Anafaa, ila aingie mwisho. Sababu nitaieleza mbele.

Macropharyngodon bipartitus, wenye madoadoa, ni wazuri kupita maelezo na ni wagumu vilevile. Wanaishi kwa kudonoa viumbe vidogo sana siku nzima, na tangi changa halina viumbe hao. Subiri mwaka upite.

Sasa wale wa kuwaepuka. Mtoto wa Coris formosa au Coris cuvieri ni mwekundu-chungwa mwenye mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi, na ukimwona kwenye mfuko utatoa hela bila kuuliza. Coris formosa akikua anafika sentimita 60, anapindua mawe na kula konokono na kamba wako wote. Thalassoma nao ni wababe na hawachoki kuogelea, kwa hiyo tangi la nyumbani haliwatoshi. Labrichthys unilineatus anakula polipu za matumbawe yenyewe.

Halafu kuna Labroides dimidiatus, yule mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, anayewasafisha samaki wengine vimelea. Wengi humnunua wakidhani watapata daktari wa bure. Mwaka 1996 mtafiti Alexandra Grutter alionyesha, kwa kazi aliyoifanya katika kisiwa cha Lizard nchini Australia, kwamba samaki mmoja wa aina hii hula wastani wa vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Sebuleni kwako hao vimelea 1,200 utawatoa wapi? Wengi hukonda na kufa, na mwamba waliotolewa umebaki bila msafishaji. Mwache baharini.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu linatuhusu: mwaka 2019 wanasayansi walieleza spishi mpya iliyopatikana Zanzibar, kwenye miamba ya kina cha mita 50 hadi 80, wakaipa jina Cirrhilabrus wakanda, kutokana na Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu ya Black Panther, kwa ajili ya magamba yake ya zambarau. Usiulizie ya kufuga. Nimeitaja ili ujue kwamba huhitaji kuagiza uzuri kutoka Indonesia.

Hatua ya 2: Tangi na stendi

Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 lina takriban lita 240, na hicho ndicho kipimo ninachokiona kinafaa kwa vipono watatu au wanne pamoja na samaki wengine wawili wapole. Urefu ni muhimu kuliko kina, kwa sababu hawa ni samaki wa kukimbia kwenda na kurudi. Kioo kiwe cha milimita 10. Maji peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 240. Ongeza mawe, mchanga na kioo, unavuka kilo 300 kirahisi.

Stendi inatengenezwa Keko, na mafundi wa pale wanaijua mbao. Tatizo ni kwamba wamezoea kabati la televisheni. Mwambie fundi wazi uzito utakaokaa juu, na ukatae ubao wa vumbi la mbao uliogandishwa, hata akikuapia. Maji ya chumvi yakiugusa unavimba. Mbao ngumu, au fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu. Weka tangi mbali na dirisha la jua la mchana, na soketi ziwe juu ya usawa wa maji au pembeni, zisiwe chini yake.

Hatua ya 3: Mfuniko, kabla ya kitu kingine chochote

Vipono wanaruka. Wote. Anaruka akifukuzwa, anaruka taa ikiwashwa ghafla, dume anaruka akijionyesha kwa jike. Tangi lisilofunikwa litakupa samaki mkavu nyuma ya kabati, na wala hutasikia akianguka. Kioo kizima juu si suluhisho zuri kwa hali ya hewa yetu, kwa sababu kinafungia joto na kuzuia hewa. Dawa ni wavu.

Bahati nzuri kila mtaa Dar una fundi aluminiamu anayetengeneza madirisha ya wavu wa mbu. Mpe vipimo vya mdomo wa tangi, umwambie unataka fremu ya dirisha, ila dirisha lenyewe litalala chali. Usishangae akikuuliza, "Bosi, kwani mbu wanaingia kwenye maji?" Mjibu ukweli: hapana fundi, samaki ndio wanaotoka.

Wavu wenyewe usiwe ule wa mbu. Macho yake ni madogo mno, unakula mwanga wa matumbawe na unaziba kwa chumvi ndani ya wiki chache. Nunua wavu wa nailoni mweupe kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, macho yasiyozidi milimita 6, na uubane kwenye fremu kwa ule mpira mwembamba anaotumia fundi kushikia wavu wa dirisha. Uvute mpaka ukiugonga kwa kidole unarudi. Ukilegea unazama katikati, na samaki akiruka anabaki juu yake.

Sehemu inayosahaulika ni kona za kupitishia nyaya na mabomba. Kipono mwembamba anapita kwenye tundu ambalo ungeapa hata penseli haipiti. Kata wavu kufuata umbo la bomba, na palipobaki wazi pazibwe kwa kipande cha sponji au plastiki. Acha mlango mdogo wa kulishia upande mmoja, wa kufungua na kufunga, ili usiwe unanyanyua fremu nzima mara tatu kwa siku. Faida ya ziada ni kwamba mjusi wa ukutani hatumbukii.

Hatua ya 4: Maji

Una njia mbili. Ya kwanza ni chumvi maalumu ya akwaria iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kwa mashine ya kuchuja inayoondoa madini yote. Lita 240 zinakula karibu kilo 9 za chumvi. Chumvi ya mezani haifai. Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya Dar vina chumvichumvi na madini usiyoyajua, kwa hiyo usiyatumie hivihivi.

Njia ya pili ni bahari yenyewe, na kwetu ndiyo nafuu. Lakini si kila maji ya bahari ni maji ya tangi. Kaa mbali na bandari, na mdomo wa Msimbazi, na mifereji inayoshuka ufukweni. Chota maji yakiwa yamejaa, wakati wa bamvua ikiwezekana, kwa sababu hapo maji ya nje yamesukumwa ndani. Ukipata mvuvi wa Kigamboni au Kunduchi akakujazia madumu akiwa nje ya mwamba, ni bora zaidi kuliko kuchota ukiwa umekunja suruali ufukweni. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, usichote karibu na nchi kavu. Maji yamechanganyika na mvua na taka za mitaro. Weka akiba mapema au tumia chumvi ya dukani miezi hiyo.

Chuja kwa kitambaa safi, hifadhi kwenye pipa gizani na pampu ya hewa ikifanya kazi, acha siku chache, kisha pima. Chumvi iwe gramu 35 kwa lita, yaani uzito wa 1.025 hadi 1.026 kwenye kipimo. Nunua rifraktomita, kipimo cha chumvi cha kutazamia kwenye mwanga. Kile cha plastiki chenye mkono unaoelea kinadanganya. Kwa matumbawe, kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na alkali kati ya 8 na 10 kwa kipimo kinachoandikwa dKH. Vipono wenyewe hawajali sana namba hizo mbili, ila majirani zao wanazijali.

Hatua ya 5: Joto na umeme

Hita usikimbilie kuinunua. Dar es Salaam tatizo letu ni kinyume chake, labda kama tangi lipo kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku kucha. Lenga nyuzi 26 au 27, na usiruhusu kupita 29. Samaki wa hapa kwetu wanavumilia joto, lakini maji ya moto yanashika hewa kidogo, na matumbawe yakizidiwa yanatoa vijani vyao, yaani mwani mdogo unaoishi ndani yao, na kubaki meupe, jambo lililoikumba pwani yetu vibaya mwaka 1998.

Feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji zinashusha nyuzi moja mpaka mbili na kidogo. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa imejaa unyevu na feni zinachoka; hapo utahitaji mashine ya kupoza maji au kuwasha kiyoyozi mchana. Feni pia zinakausha maji. Tangi la ukubwa huu linaweza kupoteza lita 4 au 5 kwa siku, na unachorudishia ni maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haijaruka, imebaki humo humo.

Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha saa nane usiku, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Ukiwa na inveta, iunganishe na pampu ya mkondo peke yake. Taa zinaweza kusubiri. Na usilishe mpaka umeme urudi.

Hatua ya 6: Kitanda

Hapa ndipo orodha yako ya hatua ya kwanza inapofanya kazi.

Kama utafuga Halichoeres, mchanga uwe laini, wa chembe za nusu milimita hadi milimita moja na nusu, na kina cha sentimita 5 angalau. Mimi napendelea 7. Uwe mchanga wa matumbawe wa akwaria. Mchanga wa mto wa kujengea una chembe zenye makali, na samaki huyu haingii mchangani taratibu. Mwangalie jioni taa zinapofifia: anaogelea chini chini akichagua mahali, anasimama, anainamisha kichwa kidogo, kisha anajirusha kwa ubavu na kuzama mzima kwa kufumba na kufumbua. Kinabaki kivumbi tu, nacho kinatulia. Akifanya hivyo kila siku kwenye kokoto, mdomo na ubavu vinachubuka, na kidonda kwenye maji ya joto kinaoza haraka.

Usipotaka mchanga tangi zima, weka chombo cha plastiki chenye ukubwa wa bakuli la kukandia unga, ukijaze mchanga na kukificha nyuma ya mawe. Watakipata wenyewe.

Kwa Cirrhilabrus na Pseudocheilinus mchanga si lazima. Hao wanataka mawe yenye mapango na nyufa nyingi, moja kwa kila samaki na nyingine za ziada, ili asiwepo wa kunyang'anywa chumba usiku. Asubuhi unaweza kuona utando wa ute ukielea. Ni shuka la jana, si ugonjwa.

Mawe usiyang'oe baharini. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na visiwa vya Sinda, Kendwa na Makatube navyo vimo kwenye mfumo huohuo. Humo huruhusiwi kuchukua samaki, jiwe wala tumbawe. Matumbawe magumu yote, pamoja na mawe hai (yale yenye viumbe juu yake), yanalindwa pia na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Jiwe la chokaa la kale, lile lililokuwa matumbawe maelfu ya miaka iliyopita na sasa linachimbwa nchi kavu kwa ujenzi, linafaa kabisa: chagua lenye matundu, lisugue, liloweke, libadilishie maji mpaka yatoke safi. Litaanza likiwa jiwe kavu lisilo na uhai na baada ya miezi litakuwa na rangi. Panga mawe kwanza juu ya kioo, ndipo umwage mchanga. Ukianza na mchanga, samaki akichimba chini jiwe litamwangukia.

Hatua ya 7: Subiri tangi liive

Weka pampu za mkondo, kichujio cha povu ambacho mafundi wengi hukiita skima, na kipande cha kamba mbichi cha kuoza. Amonia itapanda, itageuzwa nitriti, kisha nitrati, bakteria wakifanya kazi yao. Hesabu wiki nne mpaka sita. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa wiki nzima, weka konokono kadhaa. Kipono wa kwanza anaweza kungoja miezi miwili au mitatu, mpaka uone vidudu vidogo vikitembea kwenye kioo usiku ukimulika tochi. Hao ni vitafunio vyake vya kati ya mlo na mlo.

Hatua ya 8: Kununua, na karantini

Nunua kwa mtu mwenye leseni, na umuulize maswali matatu: amevuliwa na nini, ana siku ngapi hapo, anakula nini. La tatu lijibiwe na samaki mwenyewe. Omba alishwe mbele yako. Tumbo lililobonyea ndani nyuma ya kichwa, mwache. Anayehema haraka, mwache. Anayeelea mkia juu huku akipiga mapezi ashuke, huyo amepandishwa kutoka kina kirefu bila kupumzishwa, na kibofu chake cha hewa kimeharibika. Mwache pia hata akishushwa bei.

Kuna faida moja ya kununua waliovuliwa pwani hii. Samaki aliyetoka Pasifiki anafika na saa za kwao, analala mchana wetu na kuamka usiku wetu kwa siku kadhaa. Wa kwetu anajua magharibi ni saa ngapi.

Dawa za samaki wa bahari hazipatikani kirahisi, kwa hiyo njia inayofaa dhidi ya madoa meupe, ugonjwa wa kimelea Cryptocaryon irritans, ni ya ndoo. Andaa vyombo viwili vya plastiki vya lita 20 au zaidi, kila kimoja na pampu yake ya hewa, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, na wavu juu. Mhamishe samaki kila baada ya saa 72, si zaidi, kwenda chombo cha pili chenye maji mapya, mara nne mfululizo. Kile alichotoka kioshe na kukianika juani mpaka kikauke kabisa. Kimelea anashuka kutoka mwilini kwenda kuzaliana chini, na kabla hajarudi samaki ameshahama. Kwa Halichoeres weka bakuli dogo la mchanga mpya kila awamu. Wa zamani usirudi.

Njia hii haitibu ugonjwa wa Amyloodinium, ule unaofanana na vumbi la dhahabu mwilini na unaomfanya samaki aheme kwa kasi na kuganda kwenye mkondo. Ukiuona, hiyo ni kazi ya dawa ya shaba kwa kipimo, mbali kabisa na tangi la matumbawe, na ni ya haraka. Baada ya ndoo, mwangalie wiki mbili zaidi akiwa peke yake.

Hatua ya 9: Waingie kwa zamu

Mpole kwanza, jeuri mwisho. Anza na Cirrhilabrus, fuatia na Halichoeres, malizia na Pseudocheilinus hexataenia kama bado unamtaka. Ukimtanguliza huyu wa mwisho, tangi lote litakuwa shamba lake, na kila mgeni atafukuzwa mpaka arukie wavu.

Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 au 20 joto lilingane. Kama chumvi inatofautiana, dondoshea maji ya tangi kwa mrija mwembamba kwa nusu saa mpaka saa moja. Maji ya mfuko usiyamwage ndani. Kisha mweke mgeni kwenye kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kilichoning'inizwa ndani ya tangi, siku mbili au tatu. Wenyeji watakuja kumtishia, watachoka. Mwenyeji asiyechoka mwekee kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande wa mbali, agombane na kivuli chake. Hawa si wajinga, hata hivyo: mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Masanori Kohda iliripoti kwamba Labroides dimidiatus akiwekewa alama kooni na kuiona kwenye kioo, anajaribu kuisugua. Kwa hiyo ujanja wa kioo ni wa siku chache.

Halichoeres ukimwachia atazama mchangani papo hapo, na anaweza kukaa humo siku mbili, tatu, hata wiki. Usichimbue. Kila ukimfukua unamrudisha mwanzo. Endelea kulisha kidogo saa zilezile, atatokea.

Kuhusu jinsia: vipono wengi huanza wakiwa majike, na jike mkubwa hugeuka dume nafasi ikiwepo. Nunua wadogo wawili au watatu wa aina moja na uwaache wapangane wenyewe. Madume wawili wa Cirrhilabrus kwenye tangi hili ni vita. Dume mmoja bila jike naye hupauka, kwa kuwa hana wa kumpambia. Ukiwa naye pamoja na majike, kaa mbele ya kioo saa moja kabla taa hazijazimwa. Ndipo anapofungua mapezi yote, rangi zinakolea ghafla, anapita mbele yao kwa kasi na kuzifunga tena.

Majirani: samaki klauni wawili ni sawa. Kikande, chewa na mkunga hapana. Kamba wadogo wa mapambo wanaweza kuliwa na Halichoeres mkubwa, lakini huyohuyo atakulia konokono wadogo wanaofyonza kombe zako na minyoo bapa inayotambaa juu ya matumbawe.

Hatua ya 10: Chakula

Midomo midogo, matumbo mafupi, mwendo usioisha. Lisha kidogo mara tatu kwa siku. Nenda Soko la Samaki la Feri asubuhi na mapema, utafute uduvi mbichi au kamba wadogo. Uduvi uliokaushwa kwa chumvi usinunue. Suuza, katakata ndogo kuliko punje ya mchele, tandaza kwenye mfuko wa plastiki uwe mwembamba, gandisha. Kila mlo unavunja kipande. Changanya na ngisi aliyesagwa na kidogo chakula cha punje cha dukani, kwa ajili ya vitamini. Kwa anayekataa kula, angua mayai ya artemia, vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye hewa. Siku moja au mbili yanatoka, na kipono aliyesusa kila kitu ataanza kufuata vile vinavyotembea.

Lisha upande mmoja wa tangi na mwingine kwa wakati mmoja, mnyonge apate. Kinachobaki baada ya dakika mbili ni kingi mno.

Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, na nitrati ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita. Mchanga usiuvuruge wote kwa siku moja. Safisha robo, wiki ijayo robo nyingine, na usiguse usiku maana kuna watu wamelala.

Ukisafiri kwenda kwenu Desemba, pakiti za chakula zifungwe moja moja na kuandikwa siku, ziwe kwenye friza. Mwonyeshe dada wa nyumbani kwa vitendo: pakiti moja, mlango mdogo, funga. Dumu la maji ya kujazia liwe na alama nyekundu na la maji ya chumvi lifungiwe stoo kabisa, yasichanganywe. Na mstari mmoja uliochorwa kwa kalamu kwenye kioo cha chumba cha pampu kumwonyesha maji yafike wapi.